Nyusi Nne na Wana wa Tulsa

ZAI: Inarekodi? Haya, wa siku zote mambo vipi. Leo tuna The Outsiders, ile riwaya ya magenge ya vijana Marekani, ila kwanza Side vua kofia.

SIDE: Sivui.

ZAI: Vua bana, kwani wanakuona?

SIDE: Haya nimevua. Jumamosi harusi ya binamu, kinyozi wangu kasafiri, nikakaa kwa dogo mmoja pale mtaani, nikamwambia chonga tu, mi nikasinzia, kushtuka keshanirudisha mstari huku nyuma halafu kafukia na piko.

ZAI: Na piko ikashuka!

SIDE: Jua la saa nane dada. Kwenye picha za harusi nina nyusi nne.

ZAI: (kicheko) Nisubirini jamani.

SIDE: Cheka umalize. Ila ndo nikamwelewa Ponyboy, yule dogo wa kimasikini mwenye nywele za mafuta anayesimulia kitabu. Si unakumbuka mwanzo kabisa, katoka sinema, Socs wale watoto wa kishua wa Tulsa wanamkaba na kisu, wanamuuliza anataka kunyolewa? Halafu baadaye yeye na rafiki yake Johnny wamejificha kwenye kanisa bovu, Johnny keshaua Soc mmoja, anayemkata zile nywele ni Johnny mwenyewe, kwa kisu, na dawa ya kugeuza rangi juu. Yaani alichotishiwa na adui kaja kufanyiwa na ndugu. Kwa wale, nywele ndo undugu wenyewe.

ZAI: Angalau sio piko.

SIDE: Zai.

ZAI: Samahani. Hata mwandishi si alivaa kofia? S.E. Hinton, kaanza kuandika ana miaka 15, kitabu kimetoka 1967, wakaweka herufi badala ya jina ili wachambuzi wasijue ni binti. Ila nakukatalia. Zile nywele za mafuta ndo zilikuwa zinawachongea. Johnny kapigwa mpaka akaanza kutembea na kisu, waliompiga walikuwa wanamjua? Waliona kichwa tu. Undugu ni Darry, kaka yake Ponyboy, kaacha habari za chuo anapaua nyumba za watu alee wadogo zake.

SIDE: Wale wadogo zake wa damu, lazima. Dally je? Two-Bit je, wale wa genge lao? Mtoto hana gari, hana nguo ya maana, kichwani ndo pekee pake.

ZAI: Wamekua mtaa mmoja.

SIDE: Dally kaishi New York huko miaka mitatu, kapajulia wapi mtaa?

ZAI: Haya, kanisani wamenyoa wote wawili. Undugu ukaisha?

SIDE: Ponyboy kajiona kwenye kioo kama mtu mwingine.

ZAI: Sijauliza kioo.

SIDE: Nimeshajibu.

ZAI: Hujajibu.

SIDE: …

ZAI: Basi tukae kimya, bando si la watu.

SIDE: Wewe hujawahi kuharibiwa kichwa ndo maana.

ZAI: Nimesuka rasta mbovu nikaenda nazo kwenye usaili, usinianze. Na nilibaki Zai yuleyule.

SIDE: Kazi ulipata?

ZAI: Hiyo nyingine.

SIDE: Ahaa!

ZAI: Dakika mbili zimebaki na yale mafunzo matatu ya kitabu sijasoma hata moja.

SIDE: Soma basi.

ZAI: La kwanza… hapana, nikikuangalia hiyo nyusi ya tatu siwezi. Vaa kofia.