Kitambaa cha hema: tuitazame upya namba ya maji

Ndugu zangu, karibuni. Anayenunua hema huuliza kwanza kama linavuja. Muuzaji humwonyesha lebo, milimita 3,000, naye hulipa. Namba hiyo haina uongo, ila inawafanya wengi waache kuuliza yaliyo mazito zaidi, na hilo linaniuma.

Namba hiyo hupatikana hivi: kitambaa hubebeshwa maji, na kimo cha maji hayo huongezwa hadi matone yaanze kupenya. Milimita 3,000 ni kimo cha mita tatu. Mvua haisukumi hivyo. Kwa paa, 1,500 zinatosha. Sakafu ni habari nyingine, kwa sababu goti la mtu anayetambaa hukandamiza sehemu ndogo kwa uzito mkubwa. Na kumbukeni kwamba kilichopimwa ni kitambaa kipya. Lebo haisemi kitakuwaje baada ya miaka mitano.

Kitakachoamua hilo ni kile kilichopakwa juu ya nyuzi, na hapa naomba tukae kidogo. Mahema mengi hupakwa poliurethani, aina ya plastiki. Ina faida zake: mishono huzibwa kwa utepe kiwandani na hema huja tayari kwa mvua. Lakini unyevu na joto huivunja kikemia. Hema likikunjwa bichi na kuwekwa stoo yenye joto, utando huanza kunata, kisha hubanduka magamba.

Mengine hupakwa silikoni. Hiyo haivunjwi na maji kwa namna hiyo, tena inafanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Inaziacha nyuzi ziteleze kidogo zinapovutwa, hivyo kwenye ncha ya mpasuko nyuzi kadhaa hujikusanya na kubeba mzigo pamoja. Poliurethani huzigandisha kila moja mahali pake, zikakatika mojamoja. Ndiyo maana kitambaa chepesi chenye silikoni pande zote mbili kinaweza kuwa kigumu kupasuka kuliko kizito kilichopakwa poliurethani. Gharama yake ni kwamba utepe haushiki juu yake. Mshono huzibwa kwa gundi ya silikoni, mara nyingi na mwenye hema mwenyewe.

Sasa uzi wenyewe. Denia ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Denia 20 ni uzi mwembamba sana. Nailoni ina nguvu kuliko poliesta ya uzito uleule, ila hunywa unyevu na kurefuka: paa ulilolikaza jioni, usiku wa mvua linalegea na kuanza kupigapiga. Poliesta hainywi karibu chochote, na huvumilia jua zaidi. Kwa hiyo anayebeba hema mgongoni ningemshauri nailoni yenye silikoni. Anayeliacha limesimama juani wiki nzima, poliesta.

Turubai la pamba wengi wameshalisahau, na mimi nalitetea. Nyuzi zake hufura zikilowa, vitundu vikajiziba, huku mvuke wa pumzi ukiendelea kutoka. Cheche ya moto haiyeyushi tundu papo hapo kama kwenye nailoni, ingawa pamba nayo huwaka. Ni zito, na likihifadhiwa bichi huota kuvu, lakini kwa kambi inayofikiwa na gari sijaona bora zaidi. Likiwa jipya, lisimamishe, lilowe hadi mishono ifure, liache likauke, ndipo usafiri nalo.

Mkiona matone ndani asubuhi, msikimbilie kulaumu kitambaa. Nailoni na poliesta zilizopakwa hazipitishi mvuke, na pumzi zenu hugeuka maji kwenye paa baridi. Dawa yake ni matundu ya hewa na hema la kuta mbili, yaani la ndani linalopitisha hewa na la nje linalozuia mvua.

Kwa wanaonunua lililotumika: lifunueni lote, mguse upande wa ndani wa paa na sakafu, kisha mnuse. Likinata, au likitoa harufu kali ya uchachu, poliurethani imeshakufa. Kupaka dawa mpya juu yake hakusaidii. Utando wa zamani lazima usuguliwe wote utoke kwanza, na hiyo ni kazi ya kutwa nzima.