Kidonge Kisicho na Dawa

Ndugu wanafunzi, nimeombwa nizungumzie maadili ya utafiti wa tiba katika nchi maskini. Naanzia hapa hapa Dar es Salaam, maana jambo lenyewe liliwapata mama zetu.

Mwaka 1994 ilithibitishwa Marekani na Ufaransa kwamba AZT, dawa ya kufubaza VVU, hupunguza maambukizi ya virusi hivyo toka kwa mama kwenda kwa mtoto: kutoka watoto 25 katika kila 100 hadi 8. Mama aimeze akiwa mjamzito, atundikiwe dripu wakati wa uchungu, mtoto naye apewe kwa wiki sita. Gharama yake, kama dola 800. Nani angeimudu hapa? Watafiti wakatafuta dozi fupi, ya bei nafuu. Hapo sina ugomvi nao; swali lilikuwa letu.

Ugomvi wangu ni kwamba katika jaribio la PETRA, mojawapo ya majaribio ya dozi fupi, lililoanza 1996 hapa, Uganda na Afrika Kusini, kundi moja la wajawazito wenye VVU lilipewa vidonge vitupu, visivyo na dawa, ili walinganishwe na waliopewa dawa. Watetezi wa majaribio ya namna hiyo walisema: huko hawapati chochote, kwa hiyo hatujawanyang'anya kitu. Nimeisikia hoja hiyo miaka mingi na bado inaniuma. Mjamzito wa Boston asingepewa kidonge kitupu mwaka huo. Wetu alipewa kwa sababu ni maskini, basi.

Februari 1998 yakatoka majibu ya jaribio kama hilo la Thailand, ambako nako kuna kina mama waliomeza vidonge vitupu: dozi fupi ya AZT hupunguza maambukizi kwa nusu. PETRA wakalifuta kundi lile, jaribio likaendelea. Na kwa haki niseme, lilitufunza jambo zito: faida iliyoonekana mtoto akiwa na wiki sita ilikuwa imepungua mno alipofika miezi 18, kwa sababu ya kunyonya.

Sasa ridhaa. Miaka ya baadaye, katika utafiti mwingine, kazi yangu ilikuwa kuwasomea kina mama fomu. Unasoma "utapangwa kwa bahati nasibu", mama anaitikia "sawa, daktari", nawe si daktari, na dole gumba tayari liko kwenye wino. Siku moja nikamwomba mmoja anieleze nilichosoma. Akasema: "Mtanipima, kisha mtanipa dawa nzuri kuliko ya zahanati."

Fomu haikusema hivyo popote. Nikaiweka pembeni, nikamwambia: mama, ni kama kura za upatu, unachota kikaratasi, na huku kuna vikaratasi visivyo na dawa. Akanyamaza. Akaomba akazungumze na dada yake kwanza.

Hakurudi. Kwenye daftari nikaandika "amekataa". Msimamizi akaniuliza nimekosea wapi. Nikamjibu kwamba sijakosea.