Bawaba, zipu na kifuniko cha sufuria

REHEMA: Leo tunaongelea kurekodi milio nyumbani na kuigawa bure. Ukitaka mlio wa mfupa kuvunjika, usihangaike kutafuta mfupa.

JUMA: Na mfupa wenyewe ningeutoa wapi, dada?

REHEMA: Chukua shina la selari, lipinde karibu na maiki mpaka livunjike. Watu wa filamu wanafanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Kazi hiyo ya kutengeneza milio ya filamu mpaka leo inabeba jina la Jack Foley wa studio za Universal, Marekani, aliyeianza mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipoanza kutoa sauti.

JUMA: Na nyayo kwenye theluji ni wanga wa mahindi ndani ya mfuko wa ngozi. Unauminya tu: krup, krup.

REHEMA: Sikio haliulizi kitambulisho. Ndiyo maana nawaambia wanaotaka kurekodi milio ya kugawa bure: msianze na orodha ya vitu, anzeni kwa kugusa. Fungua droo. Zungusha kifuniko cha sufuria mezani kama sarafu, usikilize kinavyoongeza kasi kabla ya kutulia. Hapo tayari una kengele, una mtambo, una chombo cha angani kinachotua.

JUMA: Chombo cha angani tena!

REHEMA: Punguza kasi ya rekodi uone.

JUMA: Haya, hilo tulifafanue, maana watu wengi linawachanganya. Ukirekodi kwa kilohezi 96, yaani sauti inapimwa mara 96,000 kwa sekunde, faili inaweza kubeba mitetemo hadi kilohezi 48, yaani mitetemo 48,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaishia karibu 20. Ukipunguza kasi kwa nusu, mlio unashuka oktava nzima, na yale yaliyokuwa juu ya uwezo wa sikio yanashuka mpaka yanasikika. Ukirekodi kwa 44.1, huko juu hakuna kitu cha kushusha. Mlio unabaki mzito na mfu, kama umefunikwa blanketi.

REHEMA: Mradi maiki yako nayo inafika huko. Nyingi hazifiki.

JUMA: Kweli. Lakini zipu, hata kwa maiki ya kawaida, ni mali. Ivute haraka, upate mpasuko. Ivute jino kwa jino, upate mashine inayojikokota. Sogeza maiki sentimita chache tu na inakuwa zipu nyingine kabisa.

REHEMA: Adui mkubwa siyo vifaa, ni nyumba. Friji, feni, saa ya ukutani. Umeshazizoea, huzisikii tena, lakini maiki haizoei kitu. Friji lizime.

JUMA: Halafu ulisahau, vyakula vioze.

REHEMA: Weka funguo zako humo ndani! Ni ujanja wa zamani wa wanaorekodi majumbani. Hutoki nyumbani bila kulifungua, na ukilifungua taa haiwaki, unakumbuka.

JUMA: Huo nauchukua. Mimi naongeza mmoja: kabla hujagusa kitu, rekodi chumba kikiwa kimya, sekunde kumi hivi. Programu ya kuhariri sauti kama Audacity inachukua ule mvumo wa chumba kama sampuli na kuupunguza kwenye rekodi nzima. Ila usikazie sana, sauti inaanza kulia kama iko chini ya maji.

REHEMA: Tuje kwenye leseni. Ukipakia Freesound, tovuti ya kugawana milio iliyoanzishwa 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, unachagua: CC0, yaani mtu atumie apendavyo, au leseni ya kutaka utajwe, au ya kukataza biashara. Mimi ni CC0 tu. Mtu anatengeneza mchezo wenye milio mia tatu, kweli amtaje mwenye zipu?

JUMA: Amtaje! Jina halina uzito.

REHEMA: Uzito upo kwenye kufuatilia majina mia tatu, kaka. Mwisho wake anaruka wako, anachukua wa mwingine.

JUMA: Hapo hatutaelewana. Lakini CC0 au siyo CC0, usiwe na redio inayopiga muziki chumba cha pili. Ule wimbo si wako kuugawa.

REHEMA: Na pakia WAV, faili ya sauti isiyobanwa, siyo MP3 iliyobanwa. Anayetaka kuibana ataibana mwenyewe. Kisha ipe faili jina la maana: bawaba, mlango wa kabati, polepole.

JUMA: Siyo "rekodi mpya ya mwisho kabisa 2".

REHEMA: Nimeiona kompyuta yako, Juma. Nyamaza.