Mtoto Mwenye Usonji Akileta Fujo Shuleni: Nairobi Wanafanyaje?

Habari zenu jamani, na wakubwa zangu shikamooni. Leo nimekaa kwa ajili ya swali moja tu, maana kila nikipandisha video, hata ya kupika, lipo: "Mama Hafidhi, huko Nairobi mtoto mwenye usonji akileta fujo darasani wanamfanyaje?" Na chini yake hakosi wa kuandika, "Anajidai huyo, Nairobi nayo ni ughaibuni? Si unapanda basi tu Tanga?" Haya. Lakini karo nalipa kwa shilingi ya huku, na hiyo haipandi basi.

Sijisifu, wala sijaja kulia.

Kiboko hakuna. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 imekataza kumwadhibu mtoto kwa kumtesa, iwe mwili au akili. Kwetu Tanzania mnajua, viboko visivyozidi vinne bado ni halali, mwalimu mkuu akiruhusu na vikaandikwa daftarini. Basi watu wakisikia hivyo wanadhani huku ni peponi. Kiboko kimetoka, imeingia simu.

"Mama, njoo umchukue, leo ameshindikana." Uko kazini Industrial Area, Barabara ya Jogoo imefunga, bosi kanuna. Unafika, mtoto yuko kwenye benchi nje ya ofisi, begi mgongoni, katulia tuli. Kwa nini asitulie? Makelele yalimkera, kapiga mayowe, anarudishwa nyumbani. Ameshajua kwamba yowe ndilo linalofungua geti. Kesho atapiga tena, hata mimi ningepiga. Na barua ya kumsimamisha haipo, kwa hiyo kwenye karatasi mwanangu hajawahi kufukuzwa, na karo wameshakula yote. Hapo ndipo panaponiuma.

Mwalimu wake wa sasa, binti mdogo tu, alianza kuandika kwenye daftari: fujo imetokea saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, baada yake mtoto alipata nini. Ikaja kuonekana nyingi zinaangukia dakika zile za kabla ya kengele ya mapumziko. Kengele yenyewe ya umeme, imefungwa juu ya mlango wa darasa lao! Sasa kabla haijalia anamtuma apeleke rejista ofisini, anatoka ana kazi mkononi. Kung'ata kumepungua. Hakujaisha, nisiwadanganye, na mama wa mtoto aliyeng'atwa ana haki ya kukasirika. Huwa nampigia mwenyewe kumpa pole.

Pesa sasa. Shule binafsi ikikwambia "tunampokea, ila aje na msaidizi wake," ujue mshahara ni wako. Mimi natoa 20,000 kwa mwezi, karibu laki nne za kwetu, juu ya karo. Halafu makaratasi: ripoti ya hospitali, ripoti ya kituo cha tathmini, EARC wanaviita, nakala za pasi, picha. Ukihamisha shule unaambiwa ripoti ni ya zamani. Usonji nao unaisha muda kama maziwa ya pakiti?

Na wifi yangu, najua unatazama. Ulisema mbele ya watu kwamba namdekeza, akicharazwa mara mbili atanyooka. Hamna neno. Likizo inakuja, nitamleta ukae naye wiki moja.

Shule za serikali ni habari nyingine. Darasa likiwa na watoto zaidi ya 50 na mwalimu mmoja, daftari hilo atalijaza saa ngapi? Ndiyo maana simwambii mtu ahame. Dada wa Muheza uliyeuliza kama uuze kiwanja uje huku: usiuze kwa ajili ya video yangu. Mtoto wako simjui, na kilichomfaa wangu huenda wako kisimfae. Anza na mwalimu aliye naye hapo hapo, mwombe akuandikie kinachotangulia kabla mtoto hajalipuka. Anayetaka hesabu yangu nzima ya msaidizi aandike hapo chini nitamjibu, ila asije tena akasema nimejisifu.