Si Mwarabu, ni mstaarabu: ile maiki ya McCain

ZAI: ...imewaka? Imewaka. Haya jamani karibuni tena, mi ni Zainabu, na mwenzangu hapa...

ELI: Elibariki, wa Machame, na leo nimekuja na chupa yangu ya chai kabisa maana wiki iliyopita mtu wa Tanga alinipa chai haina hata sukari.

ZAI: Mchaga analalamikia kitu cha bure, hahaha. Haya sema leo tuna nini.

ELI: Leo Marekani. Dini, tabia na ustaarabu kwenye siasa zao. Ila naomba tusianze na hawa wa sasa, tutagombana hapa mpaka adhana ya Alasiri. Turudi 2008, Oktoba tarehe 10, siku ya Ijumaa, mji unaitwa Lakeville huko Minnesota. McCain anagombea urais kwa Republican, kura za maoni zinamwendea vibaya, watu wake wana hasira. Anapokea maswali, anasimama mama mmoja mtu mzima, maiki mkononi, anasema mi simwamini Obama, nimesoma habari zake, huyu ni... anatafuta neno... ni Mwarabu.

ZAI: Mwarabu. Yaani kama tusi.

ELI: Kama tusi! Na McCain anatikisa kichwa, anaichukua maiki kutoka mkononi mwa yule mama. Hajampokonya, ameichukua taratibu, mi ile klipu nimeirudia kama mara kumi nikiangalia mkono tu. Halafu anamwambia hapana mama, hapana, huyu ni baba wa familia, muungwana, raia, ni mtu ambaye mi na yeye tunatofautiana kwenye mambo ya msingi na ndo maana tuna kampeni. Na kabla ya hapo alishazomewa, na watu wake mwenyewe, maana kuna jamaa alisema anaogopa Obama akiwa rais, McCain akamjibu huna haja ya kumwogopa, ukumbi ukaguna.

ZAI: Sasa subiri hapo hapo. Mi mara ya kwanza kuiona ile klipu nilicheka peke yangu kwenye daladala, watu wakanigeukia. Maana kwa Kiswahili inakuja hivi, "hapana mama, huyu si Mwarabu, huyu ni mstaarabu".

ELI: Hahaha!

ZAI: Umeona? Neno letu lenyewe la uungwana, ustaarabu, limetoka kwa Waarabu, kustaarabu maana yake kuwa kama Mwarabu. Yaani hiyo sentensi ya McCain kwetu haitafsiriki bila kujing'ata ulimi. Lakini baada ya kicheko ikaniuma, kwa sababu bibi yangu mzaa mama watu wake wametoka Oman, sasa mi nasikia mtu anaambiwa "ni Mwarabu", anajibiwa "hapana, ni muungwana". Kwani ukiwa kimoja huwezi kuwa cha pili?

ELI: Hiyo kweli. Ila na mi nikujibu kidogo dada, hilo neno lenu la ustaarabu sisi wa bara tunalijua upande wake wa pili. Kama wa pwani ni mstaarabu, wa bara alikuwa anaitwa nani?

ZAI: ...Mshenzi.

ELI: Ahsante. Kwahiyo tundu lililoko kwenye jibu la McCain na sisi tunalo, tena ndani ya kamusi kabisa.

ZAI: Sina neno. Kunywa chai yako.

ELI: Na tukumbuke huo moto nani alikuwa anautia kuni, maana siku chache kabla mgombea mwenza wake Sarah Palin alikuwa anasema majukwaani Obama anashinda na magaidi. Na ile picha ya Obama amevaa kilemba...

ZAI: Ya Wajir! Hiyo inanichekesha, yaani seneta kaenda Wajir 2006, wazee wa Kisomali wamemvisha nguo za heshima kama mgeni yeyote wa maana angevishwa, picha imelala, inaibuka Februari 2008 kule Marekani kama ushahidi. Ushahidi wa nini sasa? Wa kukaribishwa vizuri Kenya? Na hilo jina lake la kati, Hussein, linatokea kwa babu yake wa Kogelo, Onyango, mzee wa Kijaluo aliyesilimu. Hamna Mwarabu hata mmoja hapo katikati.

ELI: Sasa mi kinachonifanya nimwonee huruma McCain ni kwamba yeye mwenyewe alishaonja. Mwaka 2000 anagombea na Bush ndani ya chama chao, wakafika South Carolina, ikasambazwa chini chini kwamba ana mtoto mweusi wa nje ya ndoa. Ukweli, yule binti walimwasili kutoka Bangladesh, alichukuliwa kwenye kituo cha yatima cha masista wa Mother Teresa. Yaani jambo la sadaka likageuzwa uchafu. Na huko South Carolina akashindwa.

ZAI: Kwahiyo 2008 alikuwa anajua uvumi unavyonuka.

ELI: Anajua. Na bado hakuwa malaika, maana huyo huyo mwaka 2000 aliwaita wahubiri akina Jerry Falwell wachochezi wa kutovumiliana, halafu 2006 urais unanukia akaenda kuhutubia mahafali kwenye chuo cha Falwell huyo huyo. Siasa bwana.

ZAI: Hapo ndo dini inaponichanganya mimi. Si ndo hao hao waliokuwa wanasema tabia kwanza?

ELI: Ndo hao. 1998 kwenye sakata la uzinzi la Rais Clinton, Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio rasmi kuhusu tabia ya viongozi, kwamba usimchague mtu mwenye maisha machafu. Sasa kuna taasisi ya utafiti inaitwa PRRI, 2011 iliuliza Wamarekani, kiongozi aliyefanya uchafu kwenye maisha yake binafsi anaweza kuwa mwadilifu kazini? Wazungu wa makanisa ya kiinjili, na hapa jamani kiinjili si KKKT yetu ya Kilutheri, jina moja baba tofauti, waliosema anaweza walikuwa asilimia 30. Wakaulizwa tena 2016, Trump ndo mgombea, ikawa 72.

ZAI: Ndani ya miaka mitano?

ELI: Mitano. Biblia haijaongezewa hata mstari hapo katikati.

ZAI: Hahaha, aisee. Sasa nikupeleke kwa mtu wangu, Colin Powell. Siku tisa baada ya Lakeville, Jumapili ya tarehe 19, yuko NBC. Mrepublican, jenerali, alikuwa waziri wa mambo ya nje. Anasema atampigia kura Obama, halafu anasema kitu ambacho McCain hakusema, kwamba jibu sahihi ni kuwa Obama si Mwislamu, ni Mkristo, lakini jibu sahihi zaidi ni, na angekuwa Mwislamu ingekuwaje? Kuna ubaya gani? Kuna ubaya gani mtoto wa Kiislamu wa miaka saba pale Marekani akiota kuwa rais?

ELI: Hapo alimaliza.

ZAI: Hajamaliza. Akaeleza picha aliyoiona kwenye jarida, makaburi ya Arlington, mama ameegemeza kichwa kwenye jiwe la kaburi la mwanae. Jiwe lina nishani zake zimeandikwa, tarehe zake, kijana wa miaka 20. Na juu ya jiwe hakuna msalaba, hakuna nyota ya Daudi, kuna mwezi na nyota. Kijana wa New Jersey, ndege zinapiga yale majengo 2001 alikuwa na miaka 14, akasubiri umri ufike ajiunge na jeshi.

ELI: Alifia wapi?

ZAI: Iraki. Na hapa Eli ndo mi huwa nakwama kabisa, kwa sababu aliyeenda Umoja wa Mataifa Februari 2003 kuuambia ulimwengu kwamba Saddam ana silaha za maangamizi, kwa sauti nzuri, na adabu zote, bila kumtukana mtu, ni nani?

ELI: Powell.

ZAI: Powell. Silaha hazikuonekana, mwenyewe akaja kukiri ile hotuba ni doa kwenye rekodi yake. Kwahiyo maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia mwanasiasa wa kule akisema kuhusu Waislamu yametoka kwa mtu aliyeitetea vita iliyomuua huyo kijana, na sijui Wairaki wangapi ambao mawe yao hatuyaoni kwenye majarida. Mi nampenda kwa lile jibu na siwezi kumwachia ile hotuba, navibeba vyote viwili.

ELI: Mh. ... Ndo maana mi heshima naipima na anayelipa. Powell kwenye lile jibu alilipa, wenzake walimnunia. McCain alizomewa. Na usiku wa matokeo pale Phoenix, watu wanazomea jina la Obama, amenyanyua mikono, jamani tafadhali, halafu anampa pole ya bibi yake, yule aliyemlea, amefariki siku mbili tu kabla ya kujua mjukuu kawa rais. Akasema imani yetu inatuambia amepumzika kwa Muumba wake. Hapo dini ilikaa mahali pake, hakumpiga nayo mtu.

ZAI: Na mazishi yake McCain mwenyewe.

ELI: Septemba 2018, aliacha ameagiza waongee Bush na Obama. Waliomshinda, wote wawili. Mzee alikuwa na utani mbaya.

ZAI: Huo utani wa kimtani kabisa, unakuja kulia kwenye msiba wangu kwa lazima.

ELI: Sasa nikwambie kwa nini nimeleta hii mada. Tuna grupu la wosap la ukoo, uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa ulikuwa umekaribia, mjomba wangu mmoja akaandika usimpe kura fulani, ni wa swala tano, ataleta wenzake. Nikaandika jibu refu, zuri, lina hadi huyu McCain ndani.

ZAI: Ukatuma?

ELI: Nikafuta. Yule ndo alinilipia ada ya fomu six, Zai.

ZAI: Kwahiyo ulikaa kimya.

ELI: Kimya kimya hapana. Niliweka emoji.

ZAI: Emoji gani?

ELI: Ile mikono miwili imeshikana.

ZAI: Eli, si atadhani unamshukuru?

ELI: Alinijibu "ubarikiwe mwanangu".