Diski Inayobuti: Kunakili Mafaili Hakutoshi

Shikamooni wazee wetu mlioketi mbele. Wenzangu mafundi, na walimu mnaosimamia vyumba vya kompyuta mashuleni, habari za asubuhi.

Mtu ana diski halali ya Windows XP, aliipata pamoja na mashine yake. Anaifungua, anachagua mafaili yote, anayanakili kwenye folda, kisha anayachoma kwenye sidii tupu. Akiikagua ile nakala, kila faili lipo. Akijaribu kuwashia mashine, haibuti, yaani mashine haiwaki kutoka kwenye diski hiyo. Basi anailaumu sidii, anasema ni feki. Sidii haina kosa lolote.

Kinachobutisha hakimo katika mafaili unayoyaona. Diski ya data imegawanywa katika sekta, yaani vipande vidogo, za baiti 2048. Sekta namba 0 hadi 15 zimetengwa kwa matumizi ya mfumo. Namba 16 inaieleza diski: jina lake, ukubwa wake, folda kuu ilipo. Namba 17 ndiyo inayotuhusu. Humo mna maneno EL TORITO SPECIFICATION, na baada yake anwani ya orodha fupi inayoionyesha BIOS, ile programu ya kwanza kuamka mashine ikiwashwa, mahali ilipo programu ya kuwashia. Ukiburuta mafaili unachukua yale tu yaliyoorodheshwa kwenye folda. Sekta ya 17 na ile programu ndogo vinabaki kwenye diski ya zamani.

Utaratibu huu ulitolewa na Phoenix na IBM mwaka 1995. Kabla ya hapo ilibidi uanze na flopi, iwashe mashine na kuitambulisha sidii, ndipo usakinishaji uanze. Waliosakinisha Windows 95 wanakumbuka adha ya flopi iliyooza katikati ya kazi.

Kwa hiyo usinakili mafaili, nakili diski. Kwenye Linux amri ya dd huisoma diski sekta kwa sekta na kukupa faili moja la ISO, yaani nakala ya diski nzima. Kwenye Windows ziko programu kama ImgBurn zinazofanya kazi hiyohiyo. Ukishalipata faili la ISO, lichome kwa amri ya kuchoma ISO, tena kwa kasi ya chini. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi huliburuta hilo faili kwenye sidii kama wimbo au picha, wakapata diski yenye faili moja kubwa ndani. Hiyo haibuti kamwe.

Kabla ya kuchoma, hakikisha. Fungua ISO kwa kihariri cha heksi, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja, nenda baiti ya 34816, yaani 17 mara 2048. Usipoyaona yale maneno ya El Torito jirani na hapo, usipoteze sidii. Kisha ijaribu ISO ndani ya VirtualBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta yako. Ikibuti humo, choma, halafu uijaribu diski yenyewe kwenye mashine halisi. Mimi siiiti nakala mpaka iwe imebuti.

Wapo wanaotaka diski mpya ya XP iliyochanganywa na Service Pack 3, kifurushi cha marekebisho cha mwaka 2008. Ni kazi nzuri, inaokoa muda, lakini hapo unaijenga diski upya, kwa hiyo lazima uitoe programu ya kuwashia kwenye diski ya asili na kuirudisha. Ya XP ina baiti 2048. Kwenye mipangilio ya programu ya kuchoma chagua kutoiga flopi (no emulation), na idadi ya sekta za kupakia uandike 4, kwa kuwa BIOS huhesabu sekta za baiti 512. Folda ya I386, yenye mafaili ya usakinishaji, ikae juu kabisa. Ukiifungia ndani ya folda nyingine haitaonekana. Na kwa kuwa Microsoft ilikoma kuihudumia XP Aprili 2014, mashine hiyo muiweke mbali na intaneti.

Kwa mashine za UEFI, mfumo mpya uliochukua nafasi ya BIOS, mambo ni tofauti. UEFI husoma mafaili moja kwa moja na kutafuta BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI/BOOT, hivyo kwenye flashi iliyopangwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 kunakili mafaili kunaweza kutosha. Tatizo ni kwamba FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na install.wim, faili linalobeba Windows yenyewe, kwenye Windows za sasa mara nyingi huzidi hapo. Ligawe kwa amri ya DISM iliyomo kwenye Windows, au tumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi inayobuti. ISO ya Ubuntu unaweza kuiandika kwenye flashi kwa dd ikabuti. Ya Windows usitarajie hivyo.

Kuhusu utunzaji: data ya sidii iko chini tu ya upande wa jina, si upande unaong'aa. Kalamu ya ncha ngumu upande huo wa jina inaweza kuiua, kwa hiyo tumia kalamu laini ya kuandikia sidii. Jua nalo huharibu rangi inayobeba data kwenye sidii za kuchoma, msiziache dirishani. Andika toleo, lugha, na kama ni biti 32 au 64. Ufunguo wa leseni uandikwe kwenye daftari la ofisi, maana nakala hii ni ya akiba kwa mwenye leseni, si ya kuuza.

Aliyekuja na diski yake ya asili ailete hapa mbele, tuisome sekta ya 17 pamoja.