Machi Si Mwezi wa Kurusha Ndege

(Mhadhara kwa waongoza watalii, wenye mashua, walimu na vikundi vya mikoko, Gede, mwezi Machi. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti, asante.

Nimepewa dakika arobaini na kichwa kirefu: ndege na nondo wanaoonekana kwenye hori la Mida na Watamu kaskazi inapoisha. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nondo watapata dakika tano za mwisho, tena za kukimbizana. Basi tusipoteze muda, tuingie topeni.

Mida sitawaeleza ni nini, mmezaliwa pale. Hifadhi ya bahari ipo tangu 1968, mabango mmeyasoma na mengine mmeyaanikia nyavu. Mimi nina shida na wiki chache tu za mwaka, kuanzia sasa hadi Aprili ikielekea mwisho. Tangambili hii, upepo ukiwa haujaamua. Huko Ulaya ndiyo kwanza baridi inalegea, na watu wao wamesimama kwenye fukwe na darubini wakimngoja mbayuwayu wa kwanza wa mwaka, huku wengine wa ndugu zake wangali Afrika kwenye nyaya za stima. Kwao ni msimu wa kupokea wageni, wanauandika kwenye madaftari, wanapigiana simu. Kwetu wageni wanaondoka, na mgeni akishaonyesha dalili ya kuondoka sisi tunarudi kwenye shughuli zetu. Septemba mnanipigia simu: mwalimu, ndege wamefika! Machi simu yangu haiiti.

Na Machi ndiyo yenye kazi.

Mchukueni yule chamchanga mdogo mwenye mdomo uliopinda chini. Yule wa kijivu, ambaye miezi yote hii amekuwepo kwa mamia na hamumtaji kwa mtalii kwa kuwa hana rangi. Nendeni mkamwangalie leo. Kifua kimeanza kuwa chekundu kama udongo wa Marafa. Wiki baada ya wiki anazidi kuiva, halafu asubuhi moja mnafika na tope ni tupu. Amekwenda kutaga Taimyr, kaskazini kabisa ya Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka daraja letu la mbao, na atafika wakati theluji inayeyuka, Juni.

Ndege huyu akiwa mkonde ana gramu hamsini na kitu. Kabla ya kuondoka anaweza kuongeza karibu nusu ya uzito wake, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni mafuta. Hayo ndiyo petroli yake. Lakini hana siku nzima ya kuyatafuta. Tope liko wazi maji yakipwa tu, na hapa kwetu siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Saa nne asubuhi pamekauka hadi mbali, saa kumi jioni pamefunikwa, na saa nne usiku anarudi kula tena gizani nyinyi mkiwa mmelala. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, tope linalobaki wazi ni kidogo, wote wanabanana hapo hapo. Ratiba yake imepangwa na mwezi, hawezi kusema leo nitakula baadaye.

Sasa anakuja mwongoza watalii.

Hili nimeliona kwa macho yangu na sitamtaja mtu, ingawa yumo humu ndani na amevaa fulana ya bluu. Mgeni ana kamera yenye lenzi ndefu kuliko mkono wangu. Mbele yake kuna ndege mia tatu, pengine zaidi, wameinama wanakula. Wameinama hivyo hawamfurahishi. Anataka picha wakiruka. Kijana wetu anapiga makofi. Ndege wote juu, wanazunguka hadi upande wa kisiwa cha Kirepwe, wanameta tumbo, wanageuka, wanatua. Mgeni anatazama kamera, anatikisa kichwa: jua lilikuwa nyuma yao. Kijana anahamia upande wa pili, anapiga makofi tena. Ndege juu. Safari hii mgeni amefurahi, lakini mkewe naye ana simu, hakuwa tayari. Makofi ya tatu. Hawakurudi. Wamekwenda ng'ambo ya mikoko, na maji yameanza kujaa.

Bakshishi ikatoka, sikatai. Mimi mwenyewe nimekula bakshishi.

Lakini hesabuni alichopoteza yule ndege. Kuruka kunachoma mafuta yale yale aliyokuwa akiyatafuta. Na dakika zote alizokuwa angani tope lilikuwa wazi na yeye hali. Amelipa mara mbili. Mfanyieni hivyo kila siku ya bamvua, mwongozaji huyu asubuhi, yule wa hoteli ile baadaye, halafu wanaovutwa na tiara juu ya maji, halafu droni, na msishangae akiondoka mwepesi. Mwepesi haanguki hapa mbele yenu mkamwona. Anaanguka kwingine, au anafika Siberia hana nguvu ya kutaga.

Tena kuna jambo ambalo limepimwa kwa baadhi ya ndege hawa wa safari ndefu: siku za mwisho kabla ya kuondoka, tumbo na utumbo wao hupungua, wasibebe angani kitu wasichokitumia. Maana yake kuna siku ambazo hata ukimwachia tope lote la Mida hawezi tena kufidia haraka ulichompotezea. Mlango umefungwa.

Mtu ataniambia ninatia chumvi, ndege mdogo vile asafiri vile. Haya. Mwaka 2022 ndege wa ukoo huu huu, mkubwa kidogo, mdomo mrefu ulioinukia juu (jamaa zake wachache huja Mida pia), alifungwa kifaa cha setilaiti akaruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua. Kilomita 13,560, siku 11. Alikuwa kinda la mwaka ule ule, hajawahi kwenda huko. Hakuna chumvi hapo.

Sasa lile pingamizi ninalolijua, maana nimelisikia kwenye kila ukumbi: "Mwalimu, ndege wana mabawa. Wakisumbuliwa Mida waende kwingine."

Kwingine wapi? Nitajieni. Mtasema mdomo wa mto Sabaki. Sabaki ina ndege wake, nao wanashiba kwa safari hiyo hiyo, siku hizo hizo. Delta ya Tana, vivyo hivyo. Vijito vya Mombasa, mnavijua hali yake. Pwani hii ni ndefu, ila sehemu kubwa ni mwamba na mchanga mweupe, hakuna cha kula huko isipokuwa soda. Tope la kweli ni mahali pa kuhesabika. Na huyu chamchanga ninayemsema si kwamba ana nafasi ya kuchezea. Mwaka 2024 aliongezwa kwenye daraja la ndege walio hatarini duniani, pamoja na yule mkubwa wa kijivu mwenye kwapa jeusi mnayemwona akisimama peke yake. Mnawaona kwa mamia, ndiyo, lakini baba zenu waliwaona wangapi? Kulikuwa na ndege aitwaye sululu mwenye mdomo mwembamba aliyekuwa akipita pwani za Mediterania, zamani alikuwa wa kawaida tu. Wa mwisho aliyethibitishwa alionekana Moroko mwaka 1995. Mwaka 2025 ikatangazwa rasmi kwamba hayupo tena.

Pingamizi la pili linatoka kwa wazee: unajali ndege kuliko watu. Nilitegemea hilo, na nina jibu lake, kwa sababu mama yangu mzazi alichimba chambo. Mama anayechimba chambo huinama mahali pamoja saa nzima. Ndege wanasogea hatua hamsini, wanaendelea na mambo yao. Nimekaa kwenye kibanda cha kutazamia ndege nikawatazama, hawamjali. Mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa pondo, hawamjali. Anayewarusha ni anayewaelekea moja kwa moja kwa haraka: mbwa, mashua ya injini inayokata kona karibu na mchanga, mtu mwenye kamera, droni. Kwa hiyo msijifiche nyuma ya akina mama. Wanaowarusha ndege ni sisi tuliosomea ndege, tena na vyeti.

Na ninachoomba ni kidogo hadi naona haya. Acheni kuwafuata ndege topeni Machi na Aprili. Mleteni mgeni kibandani mapema, maji yakiwa bado mbali, mumkalishe, mumpe maji ya dafu, anyamaze. Maji yakianza kujaa yatawasukuma ndege hadi mbele yake, hatua kwa hatua, wenyewe. Atawaona karibu kuliko angewafuata, na viatu vyake vitabaki safi. Akitaka picha ya kuruka, angoje mwewe apite. Mwewe akipita wataruka wote bila malipo.

Mwenyekiti ananitazama. Nimeshatumia nusu saa? Haya.

Wa pili ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, mla kaa. Huyu ndiye anayeleta wageni Mida, hoteli zinamweka kwenye vipeperushi. Yeye haendi Siberia. Anakwenda Oman, Ghuba, pwani ya Irani, pwani ya Somalia na Eritrea, anachimba shimo kwenye mchanga, anataga yai moja jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kulitamia. Yai moja tu, ndugu zangu. Mabaharia wa hapa wanaijua njia hiyo, jahazi za Oman zilishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na mla kaa naye anakwenda na kurudi kwa njia hiyo. Agosti hivi wanaanza kurudi, na kati yao mtaona wa kijivu anamfuata mweupe akilia bila kuchoka. Ni mtoto. Amevuka bahari yote ile na bado anadai kulishwa kaa mdomoni, na mzazi anamlisha. Waalimu wa chekechea mnamjua mtoto huyo.

Mkibaki na ndege Juni na Julai, msiseme wamepotea. Ndege wengi wa mwaka wa kwanza hukaa huku hadi mwaka unaofuata, hawana haja ya kwenda kutaga. Kwa hiyo hata kusi ikivuma kuna vijana wa kuangaliwa. Bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke leo simgusi, nikianza naye hatutoki. Keremkeremu wanaolala kwenye mikoko, nao siku nyingine.

Nondo. Nilisema dakika tano, nimeonyeshwa vidole vinne.

Wafugaji wa vipepeo wa mradi wa Kipepeo mko hapa Gede tangu 1993, mnajua kiwavi anakula jani gani kuliko mimi, kwa hiyo nasema na hao wengine. Mtu ana mipapai nyuma ya nyumba. Anakata midume yote kwa sababu "haizai". Kisha anafunga taa kubwa nyeupe ukutani, inawaka kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kisha anakuja kwangu, eti papai zake zinapukutika zingali changa, ni dawa gani. Dawa! Chavua ya mpapai hubebwa zaidi na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, wanaotoka giza linapoingia na kuelea mbele ya ua bila kutua. Dume ndiye mwenye utamu wa kuwavutia. Ua la kike halina cha kuwapa, nondo huingia kwa kudhani ni dume, anatapeliwa, na kwa utapeli huo papai inapatikana. Sasa wewe umeondoa dume, na nondo waliobaki umewaita kwenye taa wakazunguka hadi alfajiri. Asubuhi shore na mijusi wamenenepa. Papai huna.

Najua, kuna anayeinua mkono kusema mbegu za dukani siku hizi zina ua la jinsi mbili. Baadhi, ndiyo. Mimi nasemea mipapai ya Mida iliyoota jaani.

Taa hizo hizo zinasumbua ndege wasafiri pia. Ngulia, kule Tsavo, tangu 1969 wamekuwa wakiwafunga ndege pete kwa sababu usiku wa ukungu taa za hoteli huwashusha kwa maelfu. Zimeni, au zifunikeni zimulike chini, hasa wiki hizi. Balbu ya rangi ya manjano inavuta wadudu wachache kuliko nyeupe. Na mvua ya kwanza ikinyesha mkaona nondo wa kahawia wadogo wamejaa, wakulima wakague mahindi mapema, maana viwavijeshi huanzia hapo. Wa zamani wanafuata upepo na mvua, na hawa wapya kutoka Amerika walioingia Kenya 2017 hawahitaji hata kungoja. Hilo lilihitaji saa nzima, basi.

Jumamosi tunahesabu. Mwezi mpevu ni Ijumaa, maji yatapwa kama saa nne na nusu, kwa hiyo saa saba mchana muwe kibandani na ndege watafika kama saa nane. Wenye mashua, injini zizimwe mkikaribia mchanga. Mbwa abaki nyumbani, hata yule mnayesema ni mpole. Fulana ya bluu, wewe utashika daftari kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine.

Maswali sasa, Mwenyekiti. Ila la nani atanunua chai ya Jumamosi lisije kwangu, lije kwako.